Paulo wa Rembrandt, miwani ya baba mdogo, na namna ya kumtembelea mtu aliyefungwa

Kuna picha moja ya mtume Paulo akiwa jela ambayo nimeizungumzia sana kwa watu wa kwetu mpaka wengine wakaniambia basi andika tusome wote. Haya, naandika. Picha yenyewe iko Stuttgart, Ujerumani, kwenye makumbusho ya sanaa yanaitwa Staatsgalerie, na aliyeichora ni Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, mwaka 1627, wakati huo bado kijana wa miaka kama 21 hivi, mtoto wa msaga nafaka wa mji wa Leiden, hajahamia Amsterdam, hajaoa, jina lake halijavuma. Kijana wa umri huo kakaa chini akamfikiria mzee aliyefungwa ambaye mwisho wake ni kuuawa, halafu akamchora vile ambavyo mimi, niliyesimama sana kwenye wavu wa mahabusu nikimtazama mtu wangu upande wa pili, naona ni kweli tupu.

Siyo picha kubwa. Ni ubao wa mwaloni, urefu wake sentimita 73 hivi kwa upana wa 60, na chumba kina mapicha makubwa zaidi kwa hiyo ukiwa na haraka unaipita. Mzee kakaa ukingoni mwa kitanda, ndevu nyeupe, nywele zimepungua, paji la uso lina mikunjo. Kitabu kiko mapajani, kalamu anayo, ila haandiki. Mkono mmoja kauinua mpaka mdomoni, macho yameenda mbali, anatazama kitu ambacho sisi hatuonyeshwi. Pembeni kuna vitabu vingine vinene, kuna mfuko wa ngozi wa msafiri, kuna majani makavu, na kuna upanga mkubwa umeegemezwa hapohapo kitandani. Juu kushoto kuna dirisha la nondo, mwanga unaingia unaangukia ukuta nyuma ya kichwa chake, na huo ukuta mtupu wenye mwanga ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye picha nzima, kwa maoni yangu. Halafu chini kabisa, mguu mmoja uko peku, sandali kaivua, kama mtu aliyekaa hapo muda mrefu na ameshapazoea.

Ila mimi kilichonishika zaidi ni vile ambavyo havipo. Hamna minyororo. Hamna askari. Hamna Kaisari Nero, hamna mnyongaji, hamna malaika anashuka na taji. Upanga upo, na kila Mkristo wa zamani akiuona alijua maana yake, kwanza mapokeo yanasema Paulo alikatwa kichwa Roma, maana raia wa Kirumi hakutundikwa msalabani kama Petro, na pili ni yeye mwenyewe aliyeandika kwa Waefeso habari ya upanga wa Roho ambao ni neno la Mungu. Kwa hiyo kifo chake kimo chumbani, kimeegemea kitanda, na mzee hakiangalii. Anatafuta sentensi. Yaani Rembrandt kachukua shahidi wa imani akamchora akiwa katikati ya kazi, amekwama kidogo, anafikiria neno linalofuata.

Mimi nimekulia Moshi, nyumba ya Walutheri, na picha za mashahidi nilizozijua utotoni zilikuwa za kwenye kalenda za majirani zetu Wakatoliki, mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886. Nilikuwa naziogopa na kuziheshimu. Lakini zilinifanya nidhani kuwa kufungwa kwa ajili ya imani, au kufungwa kwa ajili ya chochote, ni tukio la dakika chache, unakamatwa, unasimama imara, unamaliza. Hakuna aliyenionyesha siku za katikati. Mashahidi wale wenyewe waliwekwa Namugongo wamefungwa kama wiki nzima wakisubiri, na siku zile zote hazikuingia kwenye kalenda.

Siku za katikati nilizijua kwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa msimamizi wa stoo sehemu fulani, mali ikapotea, wakakamatwa wafanyakazi kadhaa na yeye akiwemo. Sitaingia sana kwenye kesi maana imeshaisha, aliachiwa huru, ushahidi dhidi yake haukuwepo. Hakuwa shahidi wa dini, alikuwa mtu tu aliyekumbwa na jambo. Lakini kabla ya kuachiwa alikaa mahabusu muda mrefu kuliko tulivyowahi kuwaza, kila baada ya wiki mbili analetwa mahakamani na karandinga, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa, na sisi tumesimama nje kwenye jua tunampungia mkono. Familia nyingi zinazosoma hapa zinaijua hiyo ratiba. Unajifunza kuishi kwa wiki mbili mbili. Mwanzoni ukoo mzima unakuja mahakamani, baadaye wanabaki wawili watatu, halafu inakuwa ni mke wake na mimi niliyekuwa nimemaliza shule nikisubiri chuo.

Siku za kuwatembelea mnaongea kupitia wavu, wenzenu wanaongea pembeni kwa sauti, askari yupo, muda ni mfupi sana. Na kwenye huo muda mfupi baba mdogo alikuwa akituomba vitu. Tulitegemea aombe nyama, au aulizie wakili amefikia wapi, au alie kidogo. Yeye aliniita "mama", maana nimerithi jina la bibi yangu aliyemzaa yeye, akasema, mama, niletee miwani yangu ya kusomea iko kwenye droo ya kabati, na sweta la kijivu, na daftari, na kalamu za bluu usilete nyeusi. Basi. Wiki iliyofuata akauliza tena miwani imefika wapi. Shangazi alikasirika kwa kweli, akamwambia pale pale wavuni, wewe tunauza ng'ombe kwa ajili ya wakili halafu unatusumbua na kalamu? Na yeye akamjibu taratibu, "Dada, wakili ni kazi yenu huko nje. Mimi huku ndani nahitaji kuona maandishi."

Hayo maneno yamekaa kwangu mpaka leo.

Tulipompelekea miwani na daftari tukaja kujua alikuwa anafanya nini nayo. Alikuwa anawaandikia wenzake barua. Mahabusu wengi mule walikuwa hawajui kuandika vizuri au hawakuwa na mtu wa kumwandikia, basi wanamfuata, mzee niandikie kwa mama yangu, mzee niandikie ombi la dhamana. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kwao walikuwa hawajui hata kama yuko hai, alikamatwa safarini, simu ikapotea, na barua ya baba mdogo ndiyo iliyomleta mama yake kutoka Same, tukakutana naye mlangoni kaja na kikapu, hajui aulizie wapi, tukamwonyesha. Nilimwona yule mama akimwona mwanawe. Sitaeleza zaidi hapo.

Miaka mingi baadaye nikaja Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee, na siku ambazo sina shifti nilikuwa natafuta sehemu yenye joto na utulivu ambapo hamna anayekudai ununue kitu. Nikaanza kwenda Staatsgalerie siku kiingilio kikiwa bure. Jengo jipya lile lililofunguliwa 1984, lina sakafu ya kijani inayowaka na vyuma vya kushikia vya pinki na bluu, ukiingia unaweza kufikiri umekosea njia, halafu ukitembea unafika upande wa zamani kwenye picha za kale. Nilipofika kwa Paulo nilisoma kibao nikaelewa ni nani, ila kabla sijasoma nilishamtambua. Nilimtambua kwa mkono uliokaa mdomoni na kwa kalamu isiyosogea. Ni mtu anayeandika barua kutoka mahali ambapo barua ndiyo kitu pekee kinachoweza kutoka.

Nikarudi nyumbani nikafungua Biblia, waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Waraka huo unasimama kama maneno ya mwisho ya Paulo, humo ndo kuna ile sehemu inayosomwa sana misibani, nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza. Wahubiri wanaishia hapo. Ukiendelea kidogo tu unakuta anasema, "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Na mbele kidogo, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Nilikaa na hiyo mistari usiku ule. Joho, vitabu, na njoo kabla ya baridi. Sweta la kijivu, daftari, miwani. Mwezi wa saba Moshi kuna baridi ya ukungu, na sakafu ya saruji haina huruma, kwa hiyo baba mdogo alipoomba sweta mwezi wa tano alikuwa amepiga hesabu kama Paulo alivyopiga hesabu ya meli, maana baridi ikianza bahari ile ya kati hawasafiri.

Ukishaliona hilo unaanza kuzisoma nyaraka tofauti. Wafilipi, Waefeso, Wakolosai, Filemoni, hizo zote ni za mtu anayejitaja mwenyewe kuwa yuko katika vifungo. Matendo ya Mitume inamalizika Paulo yuko Roma, miaka miwili mizima kwenye nyumba aliyoipanga mwenyewe, na askari wa kumlinda. Jela za Warumi hazikuwa na mpango wa kumlisha mfungwa vizuri, aliyekuwa na ndugu na marafiki wa kumletea chakula na nguo ndiye aliyeishi, ndiyo maana Paulo anawashukuru Wafilipi kwa walichomtumia kupitia Epafrodito, ambaye safari ile nusura imuue kwa ugonjwa. Na Filemoni ni barua fupi kabisa ya kumwombea mtu mmoja, Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake. Mfungwa anamwandikia barua mwenye nyumba kwa ajili ya mtu asiye na mtetezi. Ukimjua baba mdogo wangu huwezi kuisoma hiyo barua kavukavu.

Nikataka kujua kijana wa Leiden alilijuaje jambo hili. Hakuwahi kufungwa. Lakini nikasoma habari za nchi yake nikaona kwamba wakati anakua, kufungwa kwa sababu ya dini na siasa za dini ilikuwa habari ya mtaani kwao. Waprotestanti wa Uholanzi waligombana vibaya wao kwa wao juu ya Mungu anavyochagua wa kuokolewa, na Leiden, mji wa chuo kikuu, ndo ugomvi ulikoanzia. Mwaka 1619, Rembrandt ana miaka 12, mzee mkubwa wa serikali, Johan van Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa kwa upanga The Hague akiwa na zaidi ya miaka 70. Na msomi Hugo de Groot, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Leiden tangu mtoto, akahukumiwa kifungo cha maisha kwenye ngome ya Loevestein. Huyu aliruhusiwa vitabu. Vitabu vilikuwa vinaletwa na kurudishwa ndani ya kasha kubwa, na yeye alikuwa anaandika humo gerezani, mpaka Machi 1621 mke wake Maria akamfungia ndani ya lile kasha la vitabu, akabebwa na askari wenyewe hadi nje, kijakazi wao Elsje akisafiri na kasha, na akatoroka mzima mzima mpaka Antwerp kisha Paris. Hadithi hiyo kila Mholanzi anaijua mpaka leo.

Sisemi kwamba Rembrandt alimchora De Groot. Nasema mtu anayemchora mfungwa na rundo la vitabu na upanga mwaka 1627 pale Leiden, watazamaji wake walikuwa na watu wa kuwakumbuka.

Na sisi tunao wetu. Kuna mtu ambaye kila nikisimama mbele ya ile picha namkumbuka, James Hannington, askofu Mwanglikana, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1885 alifika hata kwetu Moshi, wakati wa Mangi Rindi, chifu wa Wachaga wa Moshi, kabla Walutheri wa Leipzig hawajafika Kilimanjaro mwaka 1893. Baadaye mwaka uleule akaanza safari kutoka Rabai karibu na Mombasa kwenda Buganda kwa njia ya Umasai, akafika Busoga, akakamatwa, akafungiwa kibandani siku nane, ana homa, wadudu wanamsumbua, watu wanakuja kumchungulia. Na siku zote hizo alikuwa anaandika kwenye shajara yake. Mstari wake wa mwisho ni wa tarehe 29 Oktoba, siku aliyouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, ameandika kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu, na kwamba usiku fisi amelia karibu naye kwa kunusa mtu mgonjwa, anatumaini hatampata bado. Alikuwa na miaka 38. Shajara ilipatikana ikachapishwa. Wapagazi wake wa pwani walioletwa pamoja naye waliuawa karibu wote, na wao hawakuwa na shajara, na hili linaniuma kusema ukweli, kwa sababu walisubiri siku zilezile nane na hofu ileile, na hatujui hata mmoja wao aliomba apelekewe nini.

Kwa hiyo nikimtazama Paulo wa Stuttgart naona kwamba kuna wafungwa wawili, mwenye kalamu na asiye na kalamu, na mwenye kalamu ana deni. Paulo alililipa kwa Onesimo. Baba mdogo alililipa kwa yule kijana wa Same.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana hii picha imebadilisha namna ninavyofanya kazi, na hilo ndo nililotaka hasa kulifikisha. Kwenye nyumba ya wazee hamna aliyefungwa, lakini wapo ambao hawatatoka tena kwenye chumba chao na wanajua. Tunafundishwa kumpima mtu, presha, uzito, amekula kiasi gani, vidonda vya mgongo, vyote hivyo ni vya lazima na navifanya kwa moyo. Ila nimeongeza langu. Mtu mpya akija namuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, na mikono yako imezoea kushika nini. Kuna mzee mmoja alikuwa fundi wa saa, alikuwa hasemi na mtu, hali chakula, tumeandika kwenye faili kwamba ana huzuni. Nikamwomba mwanawe alete vile vibisibisi vyake vidogo na saa mbovu. Alete kama vilivyo, kwenye boksi lake la zamani, asinunue vipya. Mzee hakupona ugonjwa wake, alikufa baadaye kama ilivyotarajiwa, lakini ile miezi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda kafungua saa kaiweka mapajani, anafikiria, mkono mdomoni, na ukimwita anakunyooshea kidole subiri kwanza. Alikuwa na shughuli.

Na kwa mahabusu na wafungwa, kwa wale mnaokwenda au mnaotaka kwenda, nawaambia nilichokiona kwa macho yangu kwenye wavu na nilichothibitisha baadaye nilipojiunga na kwaya iliyokuwa ikiimba magerezani. Mkifika, muulizeni anahitaji nini halafu mlete hichohicho. Akisema kalamu ya bluu lete ya bluu, ana sababu yake ambayo hana muda wa kukueleza, baba mdogo alikuja kutuambia baadaye kwamba sahihi ya wino mweusi inafanana na nakala, haionekani kama ni ya asili. Ulizeni kwanza getini ni nini kinaruhusiwa, kila gereza lina utaratibu wake, msije mkamuumiza yeye kwa kitu mlichoingiza nyinyi. Msiende siku ya kwanza kwa wingi halafu mkapotea. Mtu mmoja anayekuja kila mwezi anamtosha kuliko basi zima la watu wa Pasaka. Mkiahidi tarehe, iwe hiyo, kwa sababu yeye ameanza kuisubiri tangu mlipogeuka kuondoka. Na msianze kumhubiria kabla hamjamsikiliza, ana muda mwingi wa kuwaza kuliko nyinyi, inawezekana ana neno la kuwapa. Waraka kwa Waebrania unasema wakumbukeni waliofungwa kana kwamba mmefungwa pamoja nao, hiyo "kana kwamba" ni kazi, inataka ukae ufikirie mtu amekaa wapi, taa iko wapi, anaona kwa miwani namba ngapi.

Jambo lingine kuhusu Rembrandt, hili nimelijua karibuni. Hakumwacha Paulo. Miaka michache baada ya ile ya Stuttgart alimchora tena akiwa kwenye meza ya kuandikia, hiyo iko Nuremberg. Halafu mwaka 1661, akiwa na miaka 55, akajichora yeye mwenyewe kama Paulo, kavaa kilemba, karatasi mkononi, mpini wa upanga unachungulia kwenye joho. Hiyo iko Amsterdam, Rijksmuseum. Katikati ya picha hizo alikuwa ameshazika watoto watatu wachanga na mke wake Saskia aliyefariki 1642, ameshafilisika mwaka 1656, nyumba na mali zake zimeuzwa. Kijana wa 1627 alimwona mfungwa kwa mbali akamheshimu. Mzee wa 1661 kaingia mwenyewe ndani ya picha, nyusi zimeinuliwa, kama anakuuliza unataka nini. Natamani sana kuiona hiyo, picha za kwenye simu hazitoshi, rangi ya Rembrandt ina unene ambao kioo cha simu hakiuonyeshi.

Baba mdogo sa hivi yuko nje na ana afya. Nilimtumia picha ya Paulo wa Stuttgart kwenye simu, akaitazama akanipigia, akasema, mama, huyu mzee haoni, mwangalie alivyokunja uso, mtafutie miwani. Nikamwambia enzi za Paulo hazikuwepo. Akanyamaza kidogo akasema basi ndo maana aliandika kwa herufi kubwa, na ni kweli, mwishoni mwa Wagalatia Paulo anasema tazameni ni kwa herufi gani kubwa nimewaandikia kwa mkono wangu mwenyewe.

Toka hapo tumeanza kitu. Hapa ninapofanya kazi, mzee akifariki familia mara nyingi inaacha miwani, hawajui waipeleke wapi, nikaomba ruhusa kwa uongozi na kwa familia zenyewe, nikawa naikusanya. Ya kusomea tu, ile ya kawaida yenye nguvu ya lenzi ya plasi moja na nusu mpaka plasi tatu, maana yenye namba za pekee inataka daktari wa macho. Naisafisha, nabandika karatasi ya namba kwenye kila moja, mtu akienda nyumbani anabeba. Baba mdogo na wenzake wawili wa usharika wanaipeleka gerezani kwa kibali, na wamejifunza kuwapima watu kwa njia rahisi, wanampa mtu Agano Jipya la maandishi madogo, wanambadilishia miwani mpaka asome mstari mzima bila kukisia. Zinazoisha haraka ni plasi mbili na plasi mbili na nusu. Za wanawake pia tunahitaji, fremu nyembamba, kwa sababu upande wa wanawake umesahaulika mpaka juzi alipokwenda mke wa baba mdogo akarudi na orodha. Kwenye orodha hiyo, chini ya miwani, wameandika daftari na kalamu, na mmoja ameomba sindano ya kushonea ambayo haikuruhusiwa, kwa hiyo tumeulizia kama kulabu ya plastiki ya kufumia inaweza kupita, na tunasubiri jibu kutoka kwa mkuu wa gereza.